Shikamoo ya Kwenye Spika

Novemba 3

Ndiyo, sauti ni yangu. Hapana, sikusema mimi. Ukitaka nirudie narudia, maana leo nimerudia mpaka mate yamekauka: sauti ni yangu, maneno siyo yangu, hiyo dawa siijui, na huyo Dokta Bilali anayeiuza sijawahi hata kunywa naye chai.

Imeanza na mama mmoja hapa Misugusugu. Kanisimamisha nikiwa na guta langu la magurudumu matatu, limejaa mananasi, kauliza, "Mwinyi, ile dawa yako ya sukari mtu anakunywa kabla ya kula au akishakula?"

Nikajua ananitania. "Mama, mimi nauza nanasi. Sukari naongeza, sipunguzi."

Hakucheka. "Usinifiche bwana. Nimekusikia mwenyewe stendi ya Mlandizi. Umeanza na shangazi yako kama kawaida."

Hapo nikaliegesha guta pembeni.

Kwa asiyenijua: naitwa Mwinyijuma, Mzaramo wa Mzenga, huko Kisarawe ndani. Kazi ya kwanza ni mananasi, kazi ya pili ni mdomo. Wauza mitumba, wauza ndoo, wauza sumu ya panya, wote wananifuata niwarekodie tangazo. Linawekwa kwenye spika, linajirudia kutwa, wenyewe wamekaa wanachati. Na kila tangazo langu linaanza hivi: "Shangazi Mwanamvua wa Mzenga, shikamoo!" Ndiyo bidhaa inafuata.

Huyo shangazi yupo, dada wa baba yangu, ndiye kanilea. Nilipoacha shule darasa la tano alinipa mananasi ya shambani kwake nikauze mjini, akasema, "Ukifika huko usijifanye hunijui. Uniamkie." Basi namuamkia. Kibaha nzima wanamjua shangazi yangu na hawajawahi kumwona.

Naandika kwa mkono kwa sababu sauti imeshaibiwa. Mwandiko wangu hauibiki. Mwalimu alikuwa anauangalia anauliza nani kaachia kuku wapite kwenye daftari.

Novemba 4

Mvua asubuhi. Mzigo wa mananasi umechelewa, Rama anasema barabara ya Mzenga imekuwa uji. Rama ndiye bodaboda anayeniletea mananasi kutoka kwa shangazi. Mtu safi sana Rama. Nikifa aniingize kaburini yeye.

Novemba 5

Nimeenda Mlandizi kujisikiliza.

Aisee, kuna kinyaa cha kukanyaga kitu barabarani, na kuna kinyaa cha kusimama stendi ukajisikia unaongea na mdomo umeufunga. Spika ipo juu ya meza, pembeni vikopo vya unga wa kijani. Mimi huyo: "Shangazi Mwanamvua wa Mzenga, shikamoo! Unasumbuliwa na sukari? Vidonge vya hospitali vimekuchosha? Tupa kule! Dokta Bilali kaja na unga wa majani saba!" Mpaka kile kicheko changu cha puani kimo. Kile cha mwisho, ambacho mke wangu anasema kama mbuzi kapaliwa. Kimo!

Kijana anayeuza kaniangalia, kaangalia spika, kaniangalia tena. "Mzee, wewe si ndiye huyu?"

"Ndiye. Zima."

"Siwezi kuzima, bosi kasema isizimwe."

Nikaenda moja kwa moja kwa Brighton. Ana steshenari ndogo karibu na soko, anapiga picha za pasipoti, anachapa kadi za harusi, na ndiye anayenirekodi siku zote. Kijana mpole, ananiita braza, hajawahi kunipandishia sauti.

"Braza, usikasirike," kaniambia. "Ni akili mnemba tu. Niliipa matangazo yako ya zamani, ikajifunza."

"Ikajifunza nini?"

"Kuwa wewe."

"Mimi mwenyewe nina miaka arobaini na sijamaliza kujifunza kuwa mimi. Yenyewe imemaliza lini?"

"Dakika chache, braza."

Kasema hivyo bila aibu, kama anaongelea kuchemsha yai. Nikamuuliza, na shangazi yangu alikuwa anatafuta nini kwenye dawa? Kajibu, "Sikumweka mimi. Kila tangazo lako lina shangazi. Mashine imeona wewe hufungui mdomo bila shangazi."

Nikamwambia afute. Kabofya bofya, kasema tayari braza, imefutika. Kanipa mkono. Kijana muungwana.

Novemba 7

Haijafutwa. Leo nimejisikia Pangani pia, hii ya hapahapa Kibaha.

Novemba 9

Nimeenda Maili Moja kwa wasaidizi wa kisheria, wale wanaosaidia watu bure. Nimepewa dada mmoja anaitwa Bertha, Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu. Nimeingia namwambia, "Mtani, nimeibiwa."

Hata kichwa hakuinua. "Mzaramo aibiwe nini? Ngoma?"

"Sauti."

Kainua kichwa. Kwanza nilimwona ana maringo, miwani imekaa katikati ya pua, anauliza kama anauma. Nimemweleza yote. Hakucheka hata pale kwenye mbuzi kapaliwa.

Kasema sheria ya kulinda taarifa za mtu ipo. Sauti inayokutambulisha ni yako, kama kidole gumba chako, haiwezi kuchukuliwa ikafanyiwa biashara bila wewe kuulizwa. Nikauliza, na ile ya akili mnemba wanayoiongelea redioni? Kasema wenzetu wa Ulaya wameshatunga ya kwao, huku bado watu wanaijadili.

"Kwa hiyo nisubiri?"

"Usubiri nini? Kumwambia mgonjwa atupe vidonge anunue unga ni kosa tangu kabla mashine haijazaliwa. Ila wewe peke yako hutoshi. Wewe utasema siyo mimi, wao watasema ni yeye. Niletee watu walionunua. Waje hapa waseme: nilinunua kwa sababu niliamini ni Mwinyi."

"Hao rahisi, mtani. Wapo wengi."

Kaniangalia juu ya miwani. "Tutaona."

Novemba 10

Mananasi yamekubali, yananukia mpaka nyuki wananifuata kama wadai. Watu kumi na kitu leo wamekiri kwangu kwamba walinunua unga. Nikiwaambia tuende Maili Moja: "Aah, mimi nilinunua wa jirani." Kibaha nzima inamnunulia jirani.

Novemba 13

Rama kaleta mzigo. Kashusha, kajifuta matope, kasema, "Shangazi anakusalimia. Anasema asante kwa dawa, lakini umemkosea. Yeye mtu mzima, hatumiwi dawa kwa spika. Ungempelekea mwenyewe."

Sikumwelewa. Nikamwambia rudia. Karudia.

Shangazi ana sukari mwaka wa ngapi sijui. Anameza vidonge vya kliniki.

Kesho naenda Mzenga.

Novemba 14

Naandika hapa Mzenga, barazani kwa shangazi.

Tumetoka Mlandizi asubuhi kwa pikipiki ya Rama. Barabara imeoza, tumesukuma kuliko tulivyopanda. Tunakaribia senta, kabla sijaona nyumba hata moja, nimejisikia. "Shangazi Mwanamvua wa Mzenga, shikamoo!" Spika imefungwa kwenye nguzo ya duka, na duka limepakana na uwanja wa shangazi. Ukirusha ganda la nanasi linafika.

Halafu nikasikia sauti nyingine, ndogo, imekauka, inatoka ndani ya ua: "Marahaba, mwanangu."

Spika ikamaliza majani saba, ikacheka mbuzi, ikaanza tena. "Shangazi Mwanamvua wa Mzenga, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu."

Nimesimama pale njiani na matope mpaka magotini. Rama kanishika bega, nimemtoa mkono.

Hajira, binti yake, kanipokea uani. Kaninong'oneza, "Kaka, ni kutwa. Inaanza wakifungua duka, mpaka wanafunga. Tukimwambia mama pumzika, anasema mtoto akikuamkia ukanyamaza umemwachia laana. Chai inapoa, anaitikia. Yuko chooni, anaitikia."

Shangazi alikuwa kwenye mkeka, kanyoosha mguu wa kushoto, kaufunika na khanga. Nilipomwamkia kaangalia kwanza kwenye nguzo.

"Ndiyo umekuja," kasema. "Baada ya kuniuzia."

"Shangazi, siyo mimi."

"Siyo wewe nini?"

"Kwenye spika siyo mimi. Ni mashine."

Kacheka kwa dharau. "Mwinyijuma, mimi nimekutoa kamasi. Nimekusikia unajifunza kusema *nanasi*, ulikuwa unasema *nanati*. Leo uniambie sauti yako siijui?"

"Sauti ni yangu. Maneno siyo yangu."

"Sasa sauti ya mtu inakwenda wapi na maneno ya mwingine? Imelewa?"

Nikaacha kubishana. Mimi, mtu wa maneno. Nikamwomba Hajira tumsaidie, tukambeba mpaka mbele ya duka, tukamweka kwenye kigoda. Nikasimama chini ya spika, nikafumba mdomo, nikaushika na vidole viwili kama ninabana tundu la puto. Spika ikaanza. Shangazi akafungua mdomo aitikie. Akaniangalia mimi. Akaangalia spika. Mdomo wake ulibaki wazi, neno halikutoka. Mimi juu ya nguzo nasema tupa vidonge, mimi chini ya nguzo nimebana midomo na machozi yananitoka.

Imepita mara mbili hivyo. Watu wamejaa, wanakodoa.

Halafu kasema taratibu, "Basi siku zote hizi nimemwitikia nani?"

Pale pale kuna mtu nyuma kacheka. Na mwingine. "Bibi anaitikia boksi!" Watu haohao nao walinunua; vikopo vya ule unga nimeviona vimeanikwa madirishani kwao, wanawekea chumvi. Wamenichefua kuliko Bilali. Bilali angalau anataka hela.

Nimekata waya. Mwenye duka kapiga kelele, nimemwambia aje aungie kwenye meno yangu.

Tuliporudi ndani Hajira kafunua khanga. Vidole viwili vya mguu vimekuwa vyeusi na kuna kidonda kinatoa harufu. Vidonge vya kliniki havijamezwa tangu kopo la kwanza; alivitupa. "Si uliniambia nitupe?" kasema shangazi. Nimeonja ule unga. Una mlonge kidogo, chaki nyingi, na kitu kama soksi ya mlinzi. Nimetema, nimesukutua, bado upo.

Kesho hospitali.

Novemba 15

Kalazwa. Wamemrudishia dawa, wanasafisha kidonda. Daktari, daktari wa kweli, hana spika, kasema tungechelewa kidogo tungezungumza mengine.

Novemba 16

Mvua. Sijauza.

Novemba 18

Nimemuuliza Hajira ile spika ilifikaje Mzenga. Kashangaa. "Kaka, si alileta Rama? Tulijua umemtuma wewe."

Nimemkuta Rama kijiweni Mlandizi anakula muhogo.

"Rama, spika ya Mzenga ulipeleka wewe?"

"Ndiyo. Spika na maboksi. Yule Bilali alinipa hela ya mafuta."

"Na unaniletea mananasi, unanisalimia, hunambii?"

Kaacha kutafuna. "Mwinyi, mimi nilijua unajua. Sauti yako, shangazi yako, njia yako. Nikasema jamaa kapata dili jipya, ananificha asinigawie. Nani angefikiria siyo wewe? Wewe ulishauza mpaka maji ya mvua ukasema ya chemchemi."

"Yale yalikuwa matani!"

"Watu walinunua, Mwinyi."

Hapo ndipo nilipochefuka mpaka ndani. Mashine imeiga sauti, sawa. Lakini hakuna hata mmoja, kuanzia Misugusugu mpaka Mzenga, aliyesikia yale maneno akasema hapana, Mwinyi hawezi. Wote wamesema, ndiyo huyo. Nimecheka na watu wote hawa miaka yote, kumbe wanaona naweza kumuuzia shangazi yangu chaki.

Rama kasema samahani. Nikifa asiniguse huyo.

Novemba 21

Hii lazima niiandike yote, mwakani nikisimuliwa nitasema nimesingiziwa.

Nipo Misugusugu na guta, jua limetoka kidogo, mteja anachagua nanasi. Inapita pikapu nyeupe, juu spika mbili kubwa. Nasikia: "Shangazi Mwanamvua wa Mzenga, shikamoo! Wananchi wa Kibaha mnakaribishwa ukumbini, kesho saa nne, kutoa maoni yenu! Sheria ya akili mnemba inakuhusu! Taarifa zako, haki yako! Sauti yako, mali yako!"

Kicheko cha mbuzi.

Mteja kaniangalia. "Hee, Mwinyi, na serikalini umeingia?"

Nimeacha guta, nimeikimbiza ile pikapu mpaka ndala imekatika. Dereva kashusha kioo, kasikiliza, kasema yeye kapewa fleshi tu. Kaondoka. Nimebaki katikati ya barabara na ndala moja, nikijisikia naenda zangu mbali, nikiwaambia watu sauti yao ni mali yao.

Novemba 22

Nimeenda ukumbini. Kumbe siyo serikali, ni mradi, unaitwa Haki Kidijitali, wametoka mjini na fulana na chupa za maji. Kabla ya maoni tumepewa sambusa. Nimekula mbili, hasira haizuii njaa.

Bwana wa mradi kaongea vizuri, siwezi kumnyima. Kasema mashine isikuamulie mkopo bila mtu kuangalia, isitumie sura yako bila ridhaa, na kitu kilichotengenezwa na mashine kiandikwe kwamba ni cha mashine. Nikapiga makofi kwa kweli. Kila neno lilikuwa langu. Halafu wakafungua maswali, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo kwanza."

"Marahaba," kajibu, ingawa mdogo kwangu. Watu wakaanza kugeuka. Sauti wameitambua.

"Tangazo la jana la kutuita hapa, kasema nani?"

Kaangalia wenzake. "Hiyo tulimpa kijana wa hapahapa Mlandizi. Tunawainua vijana wabunifu."

"Anaitwa Brighton?"

"Nafikiri ndiyo."

"Brighton kaninyonyoa koo, kamuuzia mganga wa uongo, shangazi yangu yuko wodini. Na nyinyi mmelinunua koo hilohilo kuja kuniambia nisiibiwe koo."

Ukumbi umecheka. Umecheka! Wengine wamepiga meza. Walidhani ni mchezo, kwamba nimeletwa kuchangamsha. Mama mmoja kasema, "Huyu ndiye wa majani saba!" Mwingine kaitikia kwa kubana pua, "Marahaba, mwanangu!" Habari ya Mzenga imeshafika Kibaha.

Bwana wa mradi kanyanyua mikono watu watulie. Kasema, "Hiyo ni changamoto ya kweli. Tutaichukua kama maoni."

Dada mmoja wa mradi, mwenye kompyuta, kaandika. Nimechungulia. Ameandika: *mshiriki alisisitiza umuhimu wa elimu kwa umma.*

Nilitoka nje nikatapika sambusa zote mbili. Siyo mfano, nimetapika kabisa, pembeni ya maua. Bertha alikuwa amekaa nyuma, kumbe alialikwa. Kanifuata, kanipa maji, kavua miwani. Nilidhani atanitania. Kasema, "Nimewaambia mbele ya wote waondoe lile tangazo leo na waniandikie barua nani aliwauzia. Wamekubali, maana nilikuwa nimewasha simu narekodi." Halafu kaongeza, "Na mimi nikirekodi mtu huwa namwambia, usinitazame hivyo."

Mtani wangu huyu. Maringo nilimsingizia.

Novemba 24

Brighton kapigiwa simu na mradi, kapigiwa na Bertha. Kanijia mwenyewe gutani, bado anasema braza. "Braza, umeniharibia. Mimi nilikuwa nakukuza. Sasa hivi unajulikana kuliko ulivyokuwa."

"Nimekuwa maarufu kwa kumwua shangazi."

"Si hajafa, braza."

Kijana mpole. Sauti haijapanda hata kidogo. Nilikuwa na kisu cha nanasi mkononi, nikakiweka chini kabisa, nikakalia mikono yangu mpaka alipoondoka.

Novemba 26

Wamemkata shangazi vidole viwili.

Novemba 27

Mvua kutwa.

Desemba 2

Karudi Mzenga. Sukari imeshuka, kidonda kinafunga. Bilali kahama Mlandizi, meza haipo, spika hazipo. Bertha anasema kukimbia siyo kumalizika, ila bila walionunua faili ni jembamba. Brighton atasema alifanya kazi ya mteja, Bilali atasema alinunua tangazo kwa mtu anaitwa Mwinyi.

Mpaka leo faili lina mtu mmoja, shangazi. Kaweka dole gumba akiwa kitandani. Kauliza, "Wengine wako wapi?" Bertha kasema watakuja. Mimi nikaangalia dirishani.

Desemba 4

Nimempigia shangazi. Simu kapokea mwenyewe.

"Shangazi, shikamoo."

Hakuitikia.

"Shangazi? Shikamoo."

Namsikia anapumua. Namsikia kuku nyuma. Kamkabidhi Hajira simu. Hajira kaniambia, "Kaka, anasema kwenye simu haitikii tena. Anasema sauti ameiacha. Ukitaka kumwamkia uende akuone mdomo."

Mke wangu kaniuliza mbona chakula sikuli. Nimemwambia meno.

Desemba 5

Jana hiyohiyo nimelia. Sitaki kuandika zaidi.

Desemba 7

Nimeenda Mzenga. Nimekaa mbele yake, magoti kwa magoti, nikasema shikamoo polepole. Kaangalia mdomo wangu mpaka mwisho. "Marahaba, mwanangu." Kanishika na kidevu.

Nikamwambia nitakuwa nakuja kila wiki. Kasema njia mbaya, usije. Halafu kasema kilichoniuma, "Wanapita hapo njiani wananiitikia. Watoto. *Marahaba mwanangu, marahaba mwanangu.* Mwinyi, kwani katika mji wote huu mjinga nilikuwa peke yangu?"

"Siyo peke yako, shangazi."

"Wako wapi?"

Majirani wote wameshaficha vikopo. Nimeangalia madirisha, hakuna hata kimoja. Chumvi wamehamishia kwenye bakuli.

Desemba 9

Rama kaja Maili Moja. Sikumwita. Kamwambia Bertha: mimi nilibeba, niliamini ni Mwinyi, na kopo moja nilimpa mama yangu. Sikujua hilo la mama yake. Kasema bila kuniangalia. Kaweka sahihi, kofia ngumu bado iko kichwani.

Tumetoka, tumesimama kwenye manyunyu. Nimemwambia, "Nikifa unaweza kunishika miguu. Kichwa bado."

Kasema, "Miguu inatosha, wewe mzito."

Desemba 12

Msimu uko juu, mananasi yamejaa mpaka yanauzwa kwa huruma. Mimi spika yangu nimeifungia kabatini. Nauza kwa koo. Jioni sauti inakuwa kama mlango wa choo, lakini kila mlio ni wangu.

Sasa wewe unayesoma, sogea. Nina dili.

Najua ulinunua. Usiniambie jirani. Kama ulisikia shangazi wa Mzenga anaamkiwa ukatoa hela yako, njoo Maili Moja kwa Bertha, sema hivyohivyo, weka dole gumba. Hakuna atakayecheka, mtani wangu akikuangalia juu ya miwani hata mbavu zinakaa kimya. Kwa hilo nakupa nanasi kila siku ya soko mpaka msimu uishe, nachagua mimi, wewe usibinyebinye. Na biashara yako, yoyote, nitaitangaza bure, kwa mdomo, nimesimama hapo mbele yako, hairekodiwi.

Halafu ukishaweka dole, tunapanda pikipiki ya Rama, watatu, mpaka Mzenga. Utasukuma. Utakaa mbele ya shangazi, utamwambia usoni: mama, hata mimi nilidanganywa. Basi. Kazi yako imeisha, utapewa chai.

Tukirudi Mlandizi nitampigia simu, wewe ukiwa unasikia. Nitasema shikamoo. Akiitikia, guta zima la mananasi ni lako.

Guta lenyewe unarudisha.